Unalala na Mashine ya CPAP Lakini Bado Unaamka Umechoka? Maswali na Majibu

Pumzi hukatika usingizini pale misuli ya koo inapolegea na njia ya hewa kubanana au kuziba kabisa. Ubongo unashtuka, mtu anagutuka na kuvuta hewa kwa nguvu, kisha anaendelea kulala bila kukumbuka chochote asubuhi. Pumzi ikikatika au kupungua mara 5 hadi 14 kwa saa, tatizo ni dogo. Mara 15 hadi 29 ni la wastani. Kuanzia 30 ni kubwa. Mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981, husukuma hewa kupitia barakoa ili njia hiyo isifunge. Inasaidia sana, na inasikitisha kuona watu wanaiweka kabatini kwa sababu ya kero ambazo zina dawa.

Nimeitumia wiki kadhaa na bado nasinzia mchana. Niongeze presha ya hewa?

Usianzie hapo. Karibu kila mtu hudhani tatizo ni presha, kumbe mara nyingi ni barakoa, ukavu wa hewa au saa chache za matumizi. Asubuhi fungua taarifa za usiku kwenye skrini ya mashine au programu ya simu, uangalie mambo matatu: umeivaa saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, na pumzi imekatika mara ngapi kwa saa. Lengo la kawaida ni pumzi kukatika chini ya mara 5 kwa saa. Kama namba hiyo iko chini lakini unaivua saa nane usiku na kulala bila mashine hadi alfajiri, hapo presha haina kosa. Usingizi wa ndoto huja zaidi kuelekea asubuhi, na ndipo kwa watu wengi pumzi hukatika vibaya zaidi. Saa hizo za mwisho ndizo zinazokuponyoka.

Usiamue kwa usiku mmoja. Mafua, pombe au kulala chali vinaweza kuharibu namba za usiku huo peke yake, kwa hiyo tazama mwenendo wa wiki nzima.

Barakoa inavuja na kunipulizia machoni. Nikaze mikanda?

Kukaza zaidi ndiko kunakoharibu mambo. Ule mpira laini unaogusa uso umetengenezwa ujae hewa kidogo na kukaa wenyewe juu ya ngozi. Ukiukandamiza unajikunja, na mkunjo ndio mlango wa hewa kutokea. Ivae ukiwa umelala kitandani katika mkao wako wa kawaida, kwa sababu uso wa mtu aliyelala hubadilika umbo. Washa mashine. Legeza mikanda, vuta barakoa mbele kidogo hadi mpira ujae hewa, irudishe taratibu usoni, kisha kaza mikanda ya pande zote mbili kwa usawa mpaka uvujaji ukome. Geuka kushoto, geuka kulia, usikilize. Ukiamka na alama nyekundu isiyofutika kwenye mfupa wa pua, umekaza kupita kiasi au saizi si yako.

Osha mpira huo kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, maana mafuta ya ngozi huufanya uteleze. Ukishakuwa mgumu au umelegea, hakuna kukaza kutakakousaidia, ubadilishe. Kumbuka pia kwamba kila barakoa ina vitundu vya kutolea hewa chafu uliyokwisha kuivuta. Hewa inayotoka hapo si uvujaji, na vitundu hivyo visizibwe kamwe.

Nikiiwasha nahisi kama nakosa hewa. Kwa nini, wakati inapuliza?

Mara nyingi ni kwa sababu inapuliza kidogo mno. Mashine nyingi huweza kuanza na presha ya 4 (kipimo ni sentimita za maji) na kupanda polepole hadi ile uliyopangiwa, ili usingizi ukuchukue kabla ya hewa kuwa nyingi. Lakini watu wengi wazima huiona 4 ni ndogo, wakahisi wamefunikwa uso. Mwombe mhudumu wako aianzishe juu kidogo, au ufupishe mwenyewe muda wa kupanda.

Kwa mashine zinazojirekebisha zenyewe, hili lina uzito zaidi. Hizo hupewa kiwango cha chini na cha juu, na baadhi ya watu huachiwa kile cha kiwandani: 4 hadi 20. Kwa maoni yangu huo ni uzembe ikiwa hakuna anayefuatilia. Mashine hupandisha presha baada ya kuona dalili za koo kubanana, na kama inaanzia chini sana, pumzi inaweza kuwa imeshakatika mara kadhaa kabla haijafika inapotakiwa. Kupandisha kiwango cha chini ndiyo rekebisho ambalo mara nyingi huleta tofauti kubwa. Lizungumzie kliniki, ukitaja wazi "kiwango cha chini cha presha".

Naona shida kutoa pumzi dhidi ya hewa inayoingia.

Mashine nyingi zina mpangilio unaopunguza presha kidogo kila unapotoa pumzi, kwa kawaida ngazi ya 1 hadi 3. Ujaribu. Ukiona pumzi inakatika mara nyingi zaidi baada ya hapo, rudi ngazi moja chini.

Naamka mdomo mkavu, na pua imeziba.

Ongeza unyevu ngazi moja baada ya nyingine, ukitumia maji yaliyokenekwa na kuyabadilisha kila siku. Bomba likianza kugugumia au matone yakikudondokea usoni, mvuke unapoa njiani: punguza unyevu, au tumia bomba lenye joto, au lifunike. Kama mdomo unabaki mkavu hata hivyo, huenda unafunguka usingizini na hewa inatokea huko. Tibu kwanza pua iliyoziba, kisha ulizia barakoa inayofunika pua na mdomo.

Tumbo linajaa gesi asubuhi.

Unameza hewa. Kulala ubavu au kuinua upande wa kichwani husaidia baadhi ya watu. Wengine huhitaji kiwango cha juu cha presha kipunguzwe.

Je, naweza kubadilisha presha mwenyewe?

Unyevu, muda wa kupanda na joto la bomba ni vyako, virekebishe upendavyo. Presha yenyewe ni sehemu ya dawa uliyoandikiwa, kwa hiyo ibadilishwe pamoja na daktari au fundi wa usingizi anayeona taarifa zako. Sababu ni ya kweli kabisa. Kuna pumzi inayokatika kwa koo kuziba, na kuna inayokatika kwa ubongo kutotuma amri ya kupumua huku koo likiwa wazi. Presha kubwa huondoa ile ya kwanza, lakini kwa baadhi ya watu huamsha ile ya pili. Mashine nyingi za sasa huziandika kando kando, na ukiona zile za koo wazi zinaongezeka, peleka taarifa hizo kliniki. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri, ugonjwa sugu wa mapafu, au anayetumia dawa za maumivu za jamii ya mofini asiguse presha hata kidogo bila daktari.

Mabadiliko yakikubaliwa, yawe madogo, jambo moja kwa wakati, na yapewe siku kadhaa. Ukibadilisha barakoa, presha na unyevu usiku mmoja, hutajua kipi kimekusaidia.

Nimepungua uzito na sikoromi tena. Niache?

Usiache kwa kujikadiria. Uzito ukibadilika kwa kama asilimia 10, kupanda au kushuka, omba upimwe upya. Huenda presha ikapunguzwa, na kwa wachache mashine ikaondolewa kabisa. Hadi majibu yatoke, endelea kuivaa, hata kwa usingizi wa mchana. Na kama bado unasinzia ukiwa kwenye usukani, usiendeshe gari, na mwone daktari bila kungoja siku yako ya kliniki.