Kiazi cha dalia bila jicho hakina kazi: kupanda, kugawa na kubadilishana

Mtu akikupa kiazi cha dalia kinono hivi, kinajaa kiganja, usianze kufurahia unono, kigeuze kwanza uangalie kichwani. Kama pale hakuna jicho, yaani kile kinundu chipukizi linapotokea, wala kipande cha shina lililokibeba, hicho kiazi hakitaota, hata ukizike kwenye mbolea nzuri kiasi gani. Kinaweza kutoa vijizizi, kinaweza kukaa kigumu na kizima msimu mzima huko chini, lakini chipukizi halitoki. Nalisema hili mapema kwa sababu ndo jambo linalowaumiza sana watu wanaoanza kubadilishana dalia, na mimi haya maua nayapenda mno, sipendi kuona mtu anamwagilia udongo mtupu miezi na miezi akiamini kuna kitu kinakuja.

Sababu yenyewe ni hii. Kiazi mviringo cha kula ni shina lililovimba, ndo maana kina macho kila upande na kipande chochote chenye jicho unaweza kupanda. Kiazi cha dalia ni mzizi uliovimba, ni ghala tu la chakula. Macho yake yote yako sehemu moja, pale juu kabisa shingo ya kiazi inapoungana na shina la msimu uliopita, na hapo ndipo mi naita kichwa. Kwa hiyo kiazi cha kupanda lazima kiwe na vitu vitatu vimeshikana: mwili, shingo isiyovunjika, na kipande cha kichwa chenye angalau jicho moja. Shingo ikipinda ikapasuka, hata kama bado inaning'inia kwa ngozi, kichwa hakipati tena chakula vizuri kutoka kwenye mwili na mara nyingi kinaishia kuoza. Huwa sivipeleki kwa mtu vya hivyo.

Kuhusu ukubwa, kiazi chenye unene wa kidole kinatosha kabisa. Kazi yake ni kulisha chipukizi mpaka lipate mizizi yake, basi. Yale mazito makubwa hayakupi mmea mkubwa zaidi, na mengine yana chakula kingi mpaka mmea unachelewa kutengeneza viazi vipya, halafu msimu ukiisha unachimba unakuta huna cha kugawa.

Ukijua dalia ilikotoka mambo mengi yanaeleweka. Asili yake ni nyanda za juu za Mexico na Amerika ya Kati, sehemu zenye jua la kutosha, usiku wa ubaridi na udongo usiotuamisha maji. Mbegu zilifika Madrid mwaka 1789, na mwaka 1791 mtaalamu wa mimea wa Hispania, Cavanilles, akaipa jina kwa heshima ya Anders Dahl wa Sweden. Mexico wenyewe waliitangaza ua la taifa mwaka 1963. Ila kitu kinachotuhusu sisi wagawaji ni huko ndani kwenye vinasaba: mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, dalia za bustani zina nane. Ndo maana ukipanda mbegu za dalia moja utapata watoto wasiofanana na mama wala wao kwa wao, rangi tofauti, umbo tofauti, urefu tofauti. Raha kwa anayetafuta aina mpya, lakini kama unataka ua lile lile, njia ni mbili tu, kugawa viazi au kukata vipandikizi, yaani vichipukizi unavyoviotesha mizizi. Bishop of Llandaff, ile nyekundu yenye majani meusi, ipo toka miaka ya 1920, na kila mmea wake wa kweli ulioko duniani leo ni kipande cha kipande cha ule wa kwanza, umepita mkono kwa mkono. Mi nikiwaza hilo huwa nakishika kisu kwa heshima.

Kwenye kupanda sitakaa sana. Udongo uwe umeshapata joto, kama nyuzi 15 hivi, shimo la sentimita 10 mpaka 15, kiazi ulaze ubavu jicho likiangalia juu, nafasi ya sentimita 45 mpaka 60 kati ya mmea na mmea, na kwa zile ndefu mti wa kuegemea uuchomeke siku hiyo hiyo, ukisubiri mmea ukue ndo uuchomeke utatoboa viazi huko chini. Usimwagilie mpaka chipukizi litokeze, isipokuwa udongo umekauka kabisa, maana kiazi kisicho na mizizi hakinywi maji, kinaoza nayo. Mmea ukifikisha jozi tatu au nne za majani kata ncha ya katikati, najua inauma, lakini hapo ndo unapata matawi na matawi ndo maua. Anayetaka ua moja moja kubwa lile la ukubwa wa sahani anyofoe matumba mawili ya pembeni aache la katikati. Mbolea yenye naitrojeni nyingi achana nayo, utapata msitu wa majani, maua ya kuhesabu, na viazi laini ambavyo havidumu ghalani.

Sasa kugawa. Swali la kila mtu ni wakati gani, mara tu baada ya kuchimba au baada ya kuhifadhi, karibu na kupanda? Zote mbili zinafaa ila kila moja ina gharama yake. Ukigawa mapema kichwa bado laini, kisu kinapita vizuri, na vishada, yaani mafungu ya viazi vya mmea mmoja, vikishagawanywa havichukui nafasi, lakini macho hayajajionyesha unaweza kukata katikati ya jicho bila kujua. Ukisubiri, macho yanavimba yanaonekana wazi, mengine ya pinki mengine ya kijani, lakini kichwa kimeshakuwa kigumu kama mti, unahitaji nguvu na shingo zinavunjika. Mi njia yangu ni ya katikati: nakata mashina yabaki mafupi, naacha vishada udongoni wiki moja au mbili hivi ndo nichimbe, macho yanaamka kidogo, yanavimba kama vipele, hapo unayaona na kichwa bado kinakatika. Kuna aina zina macho ya wazi na kuna nyingine utatafuta mpaka machozi, hizo ziweke sehemu yenye joto kidogo kwa siku kadhaa halafu uziangalie tena.

Chimba mbali na shina, weka uma au jembe kama sentimita 30 kutoka katikati, inua kutoka chini kwa mikono miwili, kamwe usivute kwa shina. Osha udongo. Mashina ya dalia yana uwazi ndani na maji yanakaa humo yanaozesha kichwa, kwa hiyo vigeuze vichwa chini vichuruzike. Halafu kabla ya kukata chochote kaa ukiangalie kishada. Tafuta kiazi mama, kile ulichopanda, mara nyingi ni cheusi zaidi, ngozi yake ngumu imekunjamana. Hicho mi natoa, kwani mara nyingi ndo cha kwanza kuoza na kinaambukiza vingine. Kata kishada nusu kwa kupasua shina katikati, halafu hizo nusu uzigawe tena, nafasi ya kisu inaongezeka kadri unavyopunguza. Kama viazi viwili vinagombania jicho moja, acha vikae pamoja au toa mwili mmoja dhabihu, jicho ndo lenye thamani. Kishada kimoja kinaweza kukupa kiazi kimoja tu cha maana na kingine cha jirani yake kikakupa zaidi ya kumi, inategemea aina, na hili ndo linafanya aina fulani ziwe adimu mwaka baada ya mwaka, si kwamba watu wanazificha.

Andika jina pale pale. Kwenye kiazi chenyewe, kwa kalamu isiyofutika, kabla hujashika kishada kingine. Lebo za karatasi zinadondoka, zinaloana, na viazi vya dalia vyote vinafanana, hakuna mtaalamu duniani wa kukutajia aina kwa kuangalia kiazi.

Kisu kisafishwe kati ya mmea na mmea, na hapa nawaomba msichoke. Kuna uvimbe wa bakteria wa aina mbili, mmoja unatoa mabonge yenye vinundu kwenye shingo na mashina, mwingine unatoa rundo la vichipukizi vidogo vilivyokunjamana kwenye kichwa, mtu asiyejua anashangilia anadhani amepata macho mengi. Yote miwili inaenda na kisu na udongo. Ukiona hivyo, kishada kizima kitoke bustanini, si kwenye mboji. Na kuna virusi. Virusi vya mozeki vya dalia vinabebwa na vidukari, unaona mistari ya njano inafuata mishipa ya jani, mmea unadumaa, majani yanajikunja. Virusi vya mnyauko wa nyanya vinabebwa na thripsi, vidudu vidogo sana vyembamba, hivyo vinachora miduara na mawimbi kwenye majani. Dawa hakuna. Mmea ukishaambukizwa viazi vyake vyote vimeambukizwa, vipandikizi pia, na kibaya zaidi kuna aina zinabeba virusi bila kuonyesha dalili yoyote. Ukosefu wa mbolea nao unafanya majani yawe ya njano, kwa hiyo using'oe kwa pupa, ila ule mmea uutie alama kwenye shina na usigawe kitu chake chochote msimu huo.

Baada ya kukata acha vidonda vikauke siku moja au mbili kivulini. Kuhifadhi kunataka ubaridi wa nyuzi 4 mpaka 10 na unyevu kiasi. Watu wanatumia vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika unyevu), maranda makavu, wengine wanafunga kila kiazi kwa nailoni nyembamba ya jikoni, zote zinafanya kazi kulingana na hewa ya mahali unapoishi. Pita kila mwezi. Vikikunjamana nyunyizia maji kidogo, ukiona ukungu fungua hewa, chenye sehemu laini kata mpaka kwenye nyama nyeupe safi au tupa. Ambaye kwake ardhi haigandi anaweza kuviacha chini, lakini bado avichimbue na kuvigawa kila baada ya misimu miwili mitatu, la sivyo vinasongamana maua yanapungua.

Haya, kubadilishana. Kwangu mimi unampelekea mtu vitu vitatu: jicho, jina na afya. Jicho, piga picha ya karibu ya kichwa kabla ya kufunga, umtumie, asipoliona jicho kwenye picha tunaongea kabla kifurushi hakijaondoka. Kwa sababu hiyo mi sibadilishani mpaka macho yaonekane, hata mtu abembeleze vipi. Jina, maana yake uliuona huo mmea umechanua mwenyewe, ukafunga utepe kwenye shina ukiwa na ua mbele yako. Hapa kuna mitego. Aina iitwayo Café au Lait kwa mfano rangi yake inacheza sana, mmoja anatoa krimu mwingine pinki ya kupauka mwingine kama pichi, hata kwenye bustani moja kutegemea joto, watu wanagombana bure wakidhani wametapeliwa. Zile za rangi mbili nazo huwa zinarudi kwenye rangi moja, na zikisharudi viazi vya mmea ule huwezi kuviahidi kwa mtu kwamba vitatoa rangi mbili. Mwambie ukweli aamue. Na aina mpya nyingine zina haki za mzalishaji, kuzizalisha ukauza bila ruhusa ni kosa kisheria katika nchi nyingi, uliza kwanza.

Afya nimeshasema. Nyongeza ni kwamba ukiwa na wasiwasi wa uvimbe au virusi kwenye shamba lako waambie watu, hata kama msimu huo hutobadilishana na mtu. Wanaoficha wanaharibu bustani za watu waliowaamini.

Makubaliano yawekwe wazi kabla: kiazi kwa kiazi, au kimoja adimu kwa viwili vya kawaida, nani analipa kusafirisha, na kisipoota itakuwaje. Mi naahidi kurudisha kingine msimu unaofuata. Kufunga, kila kiazi na karatasi yake, maranda makavu katikati visigongane shingo, usiweke kitu kilicholoa ndani ya mfuko uliozibwa. Tuma mwanzoni mwa wiki kisilale stoo za njiani, na usitume wakati wa baridi kali. Kuvuka mpaka wa nchi karibu kila mahali kunahitaji cheti cha afya ya mimea, na bila hicho mzigo unaweza kuharibiwa forodhani, kwa hiyo wengi wetu tunabaki ndani ya nchi zetu.

Ukiwa na kiazi kimoja tu cha aina unayoipenda, usikitoe, kiamshe mapema kwenye chungu chenye joto na mwanga, chipukizi likifika sentimita 7 au 8 likate ukiacha kitako chake kidogo pale kichwani, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Linapata mizizi wiki mbili tatu hivi na kichwa kinachipua tena. Kipandikizi kilichoota mizizi ni cha kubadilishana kizuri tu, na msimu ukiisha kitakuwa kimetengeneza viazi vyake.

Na wewe unayepokea, usikipeleke kiazi kigeni moja kwa moja katikati ya dalia zako. Kianzishie kwenye chungu pembeni, kiangalie kinavyochipua, majani yakija safi ndo kiingie bustanini, na usimpe mtu mwingine kipande chake mpaka ukione kimechanua.