Je, Wajua Kwa Nini M-Pesa Ilianza kwa Ruzuku ya Serikali?

Asubuhi katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, mchuuzi wa dagaa hufungua fundo la kanga, hutoa simu na kusoma ujumbe wa muamala: fedha za mteja wa Dar es Salaam zimeingia kabla magunia hayajapakiwa. Wengi wetu huamini kwamba huduma hiyo ya M-Pesa ni kazi ya kampuni za simu peke yake, ilhali sehemu ya fedha zilizoianzisha ilikuwa kodi ya wananchi wa Uingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Maendeleo ya Kimataifa ya nchi hiyo ilikuwa na mfuko ambao kampuni binafsi zilishindania ruzuku za kuwafikishia maskini huduma za fedha. Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, ilipata karibu pauni milioni 1, kwa sharti la kuchangia kutoka mfukoni mwake. Kwa nini kampuni tajiri kiasi hicho ihitaji kusaidiwa? Ndani ya kampuni kubwa kila wazo hugombania mtaji na mawazo mengine, na linaloahidi faida ya haraka ndilo hupewa. Huduma ya watu wasio na akaunti za benki isingefua dafu. Ruzuku ilibeba sehemu ya hasara ambayo huenda ingetokea, na wakubwa wakakubali kujaribu. Jaribio la mwaka 2005 nchini Kenya lilikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo, lakini washiriki walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipojitokeza. Huduma ilizinduliwa Kenya Machi 2007, kisha Tanzania mwaka 2008.

Mnara wa simu nao una hesabu kama hiyo. Katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako vifaa hupelekwa kwa boti na wateja ni wachache, vocha zinazonunuliwa hazirudishi gharama ya ujenzi. Ndiyo maana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kujenga katika maeneo ya namna hiyo. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini.

Naunga mkono ruzuku hizi, ila namna faida na hasara zinavyogawanywa hainiridhishi. Nchini Marekani, serikali iliikopesha kampuni ya magari ya umeme ya Tesla dola milioni 465 mwaka 2010, nayo ikalipa deni lote mwaka 2013. Kampuni ya sola ya Solyndra, iliyodhaminiwa mkopo wa dola milioni 535, ilifilisika mwaka 2011. Hasara ya Solyndra iliwaangukia walipakodi, lakini Tesla ilipopanda thamani wao waliambulia mkopo wao na riba tu, kwa kuwa serikali haikubaki na hisa.

Kwetu si lazima tudai hisa katika kila mnara. Masharti ya mkataba yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji: ruzuku ni kiasi gani, ujenzi ukamilike lini, na mnara ukizimika nani apigiwe. Hapo mvuvi anayepanda kilima kutafuta mtandao atakuwa na la kumuuliza diwani wake.