Mtoto akikosea, ndipo somo la maadili huanza

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kisauni, Mombasa, na ndiye ninayesimamia ushauri nasaha. Karibu kila darasa letu lina karatasi ya manila ukutani yenye maadili 8 ya Mtaala wa Umilisi unaofuatwa shuleni Kenya: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Watoto wameyahifadhi. Kuyataja hakujawahi kuwashinda.

Miaka ya nyuma, msichana wa darasa langu alipoteza shilingi 50 za viazi karai. Nikaamuru mikoba yote imwagwe juu ya madawati. Noti ikadondoka kutoka daftari la Hisabati la mvulana mmoja, nami nikamwita mwizi mbele ya wenzake. Hakuja shule wiki nzima, na aliporudi jina lile lilikuwa limeshamganda. Mamake, muuza mahamri, alikuja kuniuliza kwa upole, “Mwalimu, ulitaka arudishe pesa au aondoke shule?” Nikakosa la kumjibu.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaharamisha pia adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Sikumgusa yule mtoto, lakini nilimdhalilisha.

Siku hizi aliyekosa namwita kando, chini ya mwarobaini. Namuuliza: ulifanya nini? Nani ameumia? Utarekebisha vipi? Hilo la mwisho ndilo zito, na nimejifunza kunyamaza hadi ajibu mwenyewe. Nikimpa jibu mimi, atatii tu.

Wengine husema kazi hii ni ya vipindi vya dini. Navithamini sana. Lakini kipindi hicho kikifika, Waislamu huenda huku na Wakristo kule, ilhali ugomvi wao, urafiki wao na dawati lao ni mamoja. Heshima kwa jirani asiyesali kama wewe utaifunza vipi jirani mwenyewe akiwa hayupo?

Muhula uliopita, mvulana wa gredi ya 5 alilipiga teke dumu la lita 20 la kunawia mikono, maji yakamwagika yote kabla ya chakula. Sisi maji tunanunua kwa mkokoteni, kwa hiyo darasa zima lilikula bila kunawa. Chini ya mwarobaini alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atakuja na maji kutoka kwao kila asubuhi kwa wiki moja. Nikampigia babake simu, akaridhia.

Jumatatu alikuja na kidumu cha lita 5, bega limemwinama. Jumatano nilimwona langoni na mwenzake, wamekishika mpini pamoja, huyu huku na yule kule. Yule mwenzake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshtaki.