Kiongozi wa bendi ya swingi: mfano wa Count Basie

Swingi ni jazi ya kuchezesha watu iliyotawala kumbi za dansi za Marekani tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Ilipigwa na bendi ya watu kama 15: tarumbeta, tromboni na saksafoni mbele, piano, gitaa, besi na ngoma nyuma.

Kiongozi wa bendi hiyo hakuwa mtu wa kupunga mikono tu. Ndiye aliyeajiri wanamuziki na kuwalipa, na bendi iliitwa kwa jina lake. Juu ya yote, aliamua bendi isikike vipi. Kwa hilo, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Count Basie.

William Basie alizaliwa Red Bank, New Jersey, mwaka 1904, na mama yake ndiye aliyemwanzisha piano. Mwaka 1927 kundi la maonyesho alilosafiri nalo lilikwama Kansas City, naye akabaki huko. Alipiga katika bendi ya Bennie Moten, na Moten alipofariki mwaka 1935, akaunda yake pale Reno Club. Usiku mmoja John Hammond, msaka vipaji, aliidaka bendi hiyo kwenye redio ya gari akiwa Chicago. Baada ya hapo njia ya New York ikafunguka.

Nyimbo zao nyingi hazikuandikwa. Mmoja anabuni kipande kifupi, wenzake wa upande wake, tuseme saksafoni, wanakipokea, upande wa pili, tuseme tarumbeta, unaitikia, wimbo umepatikana. Sikiliza "One O'Clock Jump" ya 1937. Piano inaanza, ikisindikizwa na gitaa, besi na ngoma tu, inaingia saksafoni ya Herschel Evans, na mwishoni tarumbeta na saksafoni zinaitikiana, zinarudia, zinarudia tena, mpaka miguu inakataa kutulia.

Sasa msikilize Basie mwenyewe. Anagusa sauti mbili tatu, ananyamaza. Pale ambapo mwingine angejaza vidole, yeye anawaachia nafasi Walter Page wa besi, Jo Jones wa ngoma na Freddie Green wa gitaa.

Mwaka 1950 uchumi ulimlazimisha kuivunja bendi kubwa. Mwaka 1952 akaiunda upya, akaiongoza hadi kifo chake mwaka 1984. Karibu muda wote huo Green alikuwa pembeni yake, gitaa lisilo la umeme mkononi, akichapa mapigo manne sawasawa, moja-mbili-tatu-nne, tena na tena, mara chache sana akipiga peke yake.