Nani Huchagua Dawa za Hospitali? Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Moshi na Arusha

Maswali haya huulizwa mara kwa mara kwenye madirisha ya dawa ya hospitali za miji hii miwili, hasa na ndugu wanaouguza.

Nani anaamua dawa gani zikae kwenye stoo ya hospitali?

Si mfamasia peke yake, wala si mganga mfawidhi. Hospitali inatakiwa kuwa na Kamati ya Dawa na Tiba. Ndani yake wamo madaktari wa idara kubwa (upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya ndani), muuguzi kiongozi, mtu wa maabara, mhasibu au mtu wa ununuzi, na mfamasia, ambaye kwa kawaida ndiye katibu. Kamati haianzi na karatasi tupu. Wizara ya Afya hutoa Mwongozo wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na hospitali huchota humo orodha yake kulingana na magonjwa inayoyaona. Utaratibu huu si wa jana: Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1977.

Kamati ambayo katibu wake huja bila takwimu za matumizi ni kikao cha chai tu. Sababu iko kwenye swali la nne.

Dawa aliyopewa baba KCMC, mbona haipo kwenye zahanati yetu?

Orodha ya Taifa huipa kila dawa herufi ya ngazi. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mawenzi na Mount Meru, na S ni hospitali za kanda kama KCMC pamoja na za ubingwa bobezi. Hospitali ya juu inaweza kuweka dawa za ngazi za chini, lakini zahanati haiwezi kupanda. Sababu kubwa ni vipimo. Dawa inayotaka figo zipimwe kila baada ya muda haina maana mahali pasipo na maabara ya kuzipima.

Kwa hiyo mgonjwa anaporuhusiwa, ndugu aulize palepale dirishani: dawa hii inapatikana ngazi gani karibu na nyumbani? Kama haipo, aombe ya kutosha hadi tarehe ya kliniki.

Daktari akitaka dawa mpya iingizwe, inakuwaje?

Anajaza fomu ya maombi kwa jina la kitaalamu la dawa, si jina la kampuni. Kamati inauliza: je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA? Inaishinda kwa lipi dawa tuliyonayo? Vipimo vya kufuatilia madhara yake tunavyo? Imo kwenye kitita cha mafao cha bima?

Bei hulinganishwa kwa dozi kamili, maana bei ya kidonge kimoja hudanganya. Tuseme kidonge kimoja ni shilingi 200, kinamezwa mara tatu kwa siku kwa siku 7: hiyo ni 4,200. Kingine ni shilingi 500, mara moja kwa siku kwa siku 5: jumla 2,500. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu.

Ikipita, kamati makini huuliza pia ni ipi itolewe. Orodha inayoongezwa tu bila kupunguzwa hujaza stoo dawa ambazo zitaishia kuchomwa. Mwakilishi wa kampuni haingii kikaoni, na mjumbe aliyelipiwa safari au semina na kampuni hiyo anatakiwa kusema hivyo na kukaa pembeni wakati wa uamuzi.

Dawa iko kwenye orodha, lakini dirishani naambiwa “imeisha”. Kwa nini?

Vituo vya umma huagiza kwanza Bohari ya Dawa (MSD), ambayo ghala lake la kanda hii liko Moshi. Bohari ikiwa haina, inatoa taarifa ya kukosekana, na hospitali inaruhusiwa kununua kwa mshitiri aliyeidhinishwa, yaani muuzaji binafsi wa dawa. Hapo kuna ucheleweshaji wa kweli, na deni la hospitali likiwa kubwa mambo huwa magumu zaidi. Lakini mara nyingi kosa limeanzia ndani, kwenye hesabu.

Chukua mfano wa vichupa vya sindano. Katika miezi 6 hospitali imetumia vichupa 3,000. Karani anagawa kwa 6, anapata 500 kwa mwezi, anaagiza. Hakuangalia kwamba ndani ya siku hizo 180, kwa siku 60 dawa haikuwepo kabisa. Vichupa 3,000 vilitumika kwa siku 120, yaani 25 kwa siku, na mahitaji halisi ya mwezi ni 750. Mzigo wa 500 utaisha siku ya 20, na wagonjwa wa siku 10 zinazobaki watatumwa duka la nje. Mwezi ujao anasoma tena kwamba zimetumika 500, anaagiza 500. Kosa linajizaa lenyewe, na karatasini kila kitu kinaonekana sawa.

Dawa ya kuitibu hali hii ni leja inayoandika siku ambazo dawa haikuwepo, si dawa zilizotoka tu. Wodi nazo ziache kukopeshana dawa kimyakimya: kopo lililohama usiku kutoka wodi moja kwenda nyingine bila maandishi huonekana kwenye hesabu kama wizi, au halionekani kabisa.

Dawa zikishafika, zinatunzwaje?

Inayokaribia kuisha muda ndiyo hutoka kwanza, hata kama ndiyo iliyoletwa stoo mwisho. Makasha hayawekwi sakafuni wala kugusa ukuta. Joto la stoo na la friji hupimwa na kuandikwa asubuhi na alasiri, Jumapili ikiwemo. Moshi iko chini kuliko Arusha na huwa na joto zaidi, hivyo stoo ya bati isiyo na dari ina shida kubwa mwezi Februari.

Friji ya dawa inatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi huogopa joto tu na kusahau ganda. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, ndiyo maana haigusishwi na ukuta wa friji unaotoa barafu. Oksitosini ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua hupoteza nguvu taratibu kwenye joto, na kwa macho huwezi kuitambua. Mkunga anachoma sindano, damu inaendelea, na lawama inamwangukia yeye.

Ni kweli kuna dawa zinazofungiwa?

Kweli. Morfini na pethidini, dawa kali za maumivu, hukaa kwenye kabati lenye kufuli, na kila kichupa husainiwa kwenye rejista. Kloridi ya potasiamu iliyokolea haitakiwi kukaa ovyo wodini: ikichomwa kwenye mshipa bila kuchanganywa inaweza kusimamisha moyo, na kichupa chake hufanana na cha maji ya kuchanganyia dawa.

Na antibayotiki?

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani huzigawa katika makundi matatu: za kuanzia, kama amoksisilini; za kuangaliwa kwa makini, kama seftriaksoni; na za akiba. Kamati hutazama mafaili kuona kama seftriaksoni inaandikwa kwa kila homa. Kwa hospitali nyingi jibu si la kufurahisha.

Dawa ikimdhuru mgonjwa, au nikiitilia shaka?

Vipele vyenye malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, uso kuvimba au kupumua kwa shida: acha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo. Beba pakiti, tarehe ya kuanza dawa, tarehe dalili zilipoanza, na dawa nyingine zote anazotumia, mitishamba ikiwemo. Usione haya kuitaja, hakuna anayekuja kukugombeza. Mhudumu hujaza fomu ya njano inayokwenda TMDA, yenye ofisi ya kanda mjini Arusha.

Dawa yenye rangi au harufu usiyoizoea usiitupe. Ihifadhi na pakiti yake umpe mfamasia, kwa sababu dawa mbovu huondolewa sokoni kwa namba ya toleo (batch number) iliyoandikwa kwenye pakiti. Vidonge vilivyohesabiwa na kutiwa kwenye kibahasha havina namba hiyo, na tangazo likitoka huwezi kujua kama vyako vimo. Mwombe anayekupa aiandike nyuma ya kibahasha pamoja na tarehe ya kuisha muda. Haichukui hata nusu dakika.