Kura Uliyokabidhiwa Si Mali Yako

Malalamiko yanayofika mezani kwetu hapa Mwanza kutoka Nyegezi, Igoma, Kirumba na hata visiwani Ukerewe yamebadilika sura. Zamani mtu alikuja kumlalamikia mweka hazina aliyetoroka na sanduku la kikundi. Siku hizi anakuja na simu mkononi, anafungua picha za skrini na kusema: "Afisa, tulipiga kura mtandaoni, pendekezo likapita, fedha zikatoka zenyewe, na sasa hatumwoni wa kumuuliza." Ukimuuliza mwenyekiti ni nani, anajibu kwamba jumuiya yao haina mwenyekiti.

Nazungumzia jumuiya za mtandaoni zilizogatua madaraka, zile ambazo mwanachama anashika tokeni, yaani kipande cha mali ya kidijitali, tokeni inahesabika kama kura, na kura zikitimia mkataba wa kidijitali, yaani programu ya kompyuta, unajitekeleza bila mtu kutia sahihi. Wengi mlio ndani yake mnaujua ufundi wake, sitaurudia. Ila naomba ieleweke mapema kwamba kuandika habari hizi si kumhimiza mtu anunue tokeni yoyote. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tahadhari kuhusu sarafu za kidijitali na kukumbusha kwamba fedha halali nchini ni shilingi. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jengo la Benki Kuu hapa hapa Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa ujio wa sarafu hizo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kuna wanaodhani kwamba kwa kuwa Serikali inatoza kodi, basi imedhamini mali hiyo. Haijaidhamini. Tumelisema mara nyingi na bado tunaulizwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Fundi wa boti pale Mwaloni hana muda wa kusoma kurasa thelathini za pendekezo lililoandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo anamkabidhi kura yake mwenzake anayemwamini, kijana aliyesoma, anayekesha mtandaoni. Wenzake thelathini wanafanya vivyo hivyo. Yule kijana, bila kuchaguliwa katika mkutano wowote, anakuwa na sauti ya watu thelathini na moja. Hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Katika shauri moja, mwakilishi wa namna hiyo aliunga mkono malipo kwa kampuni iliyoahidi kutengeneza programu ya jumuiya. Baadaye ikajulikana kwamba kampuni ilikuwa yake na shemeji yake. Alipobanwa alijibu kwamba hakuna kanuni iliyomkataza. Na kweli haikuwepo. Walikuwa na kanuni za tokeni, za kiwango cha kura na za siku za kupiga kura, lakini hawakuandika neno hata moja kuhusu mwenendo wa mtu aliyebeba kura za wenzake.

Kanuni ya kwanza kuandikwa, kwa hiyo, iwe ya kutangaza maslahi. Mwakilishi mwenye uhusiano na atakayelipwa, uwe wa damu, wa ndoa, wa deni au wa ajira, autangaze kabla kura haijafunguliwa na asipige kura katika jambo hilo. Wengine husema inatosha kutangaza tu, halafu mtu apige. Mimi sikubaliani nao. Mtu akishatangaza kwamba kampuni ni ya shemeji yake kisha akaipigia kura kwa sauti ya watu thelathini na moja, tangazo lake halijamlinda yeyote. Anayeshika pochi zaidi ya moja, yaani akaunti za kidijitali za kuhifadhia tokeni, naye azitaje zote, kwa sababu watu watano wanaokubaliana ndani ya mjadala wakiwa ni mtu mmoja huyo huyo ni udanganyifu, hata kama kila pochi ina tokeni zake halali. Na kila kura ya kukabidhiwa iambatane na sababu, kwa sentensi mbili tatu, katika lugha ambayo aliyeikabidhi anaisoma.

Watu wa mialo, kule boti za uvuvi zinakoshusha samaki, hawapaswi kuyaona haya kuwa mageni. Miongozo ya BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi mialoni, iliyooanishwa kwa ajili ya nchi tatu za Ziwa Victoria inataka kamati ya watu 9 hadi 15, na viti vigawanywe: asilimia 30 wenye vyombo, asilimia 30 baharia, asilimia 10 wachuuzi, asilimia 30 makundi mengine kama mafundi wa boti na nyavu, na wanawake wasipungue watatu. Tajiri mwenye boti kumi hapati viti kumi. Walioandika walijua kwamba bila mgawanyo huo mwalo wote ungekuwa mali ya watu wawili. Katika jumuiya ya tokeni mgawanyo huo haupo, mwenye tokeni nyingi ana kura nyingi, na ndiyo maana kanuni za mwenendo zinahitajika zaidi huko kuliko mwaloni.

Hata hivyo kanuni ya mwenendo peke yake haitoshi mahali ambapo mfumo wenyewe umeachwa wazi. Aprili 2022, mradi wa fedha za kidijitali uitwao Beanstalk uliporwa kwa kura. Mtu alichukua mkopo wa papo hapo, yaani wa kidijitali unaorudishwa ndani ya muamala huo huo, akapata kura za kutosha kupitisha pendekezo lake mwenyewe, akahamisha mali na kurudisha mkopo, yote kwa mkupuo mmoja. Hasara ilitajwa kuwa takriban dola milioni 182. Kwa mtu wa namna hiyo kanuni zilizoandikwa vizuri si kitu. Kinachomzuia ni muda wa kusubiri kati ya kura kupita na fedha kutoka. Tunashauri siku zisipungue 2, na kwa malipo makubwa siku 7.

Kuna hoja inayonichosha, nayo ni kwamba jumuiya isiyo na mkubwa haina wa kushtakiwa. Septemba 2022, tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa, CFTC, iliishtaki Ooki DAO (DAO ni kifupi cha Kiingereza cha jumuiya hizi zilizogatua madaraka). Hakukuwa na ofisi ya kupeleka hati, kwa hiyo hati zilipelekwa mtandaoni, ikiwemo kupitia kisanduku cha mazungumzo cha tovuti yao, na mahakama ikaridhia. Juni 2023 mahakama ya shirikisho huko California ilitoa hukumu ya faini ya dola 643,542 na kuiona jumuiya hiyo kuwa chombo kinachoweza kushtakiwa. Hukumu ya Marekani haiifungi mahakama yetu, na haya si maoni ya kisheria kwa shauri la mtu yeyote. Lakini anayejificha nyuma ya neno "ugatuzi" amejificha nyuma ya khanga inayoonyesha mwili.

Kuhusu utaratibu wa kulalamika. Anza ndani ya jumuiya, kwa maandishi. Andika namba ya muamala, anwani ya pochi iliyohusika, jina au namba ya pendekezo, na saa. Hapo kwenye saa muwe makini, maana tunapokea malalamiko mengi kwamba kura ilifungwa mapema kumbe haikufungwa mapema. Kumbukumbu za blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunza miamala, huandikwa kwa saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ikiandikwa 21:00, kwetu ni saa sita usiku. Picha ya skrini peke yake haitoshi, hifadhi na kiungo cha ukurasa. Mlalamikiwa apewe siku 7 za kujibu, na wasikilizaji wawe watu 3 ambao hawakupiga kura katika pendekezo hilo. Adhabu ziandikwe mapema na zipande kwa ngazi: onyo la maandishi, kusimamishwa kubeba kura za wengine kwa siku 90, kisha kuondolewa. Rufaa ifunguliwe kwa siku 14 na isikilizwe na watu wengine kabisa. Msiifute tokeni ya mtu kama adhabu ya maneno makali. Hiyo ni mali yake, na mnaweza kujikuta ninyi ndio walalamikiwa.

Jambo likifikia jinai, lipelekwe polisi, lisibaki kwenye kikundi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 12, inahusu udanganyifu kwa njia ya kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya manufaa yaliyopatikana, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu kumtisha au kumnyanyasa mtu mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Anayeanika kitambulisho cha mwenzake ili "kumfichua" akumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kukasirika kwa haki hakukupi ruhusa ya kutangaza namba ya NIDA ya mtu.

Tumeanza kupokea rasimu za kanuni kutoka kwenye vikundi, na tunawashukuru. Nyingi zimenakiliwa kutoka jumuiya za nje, kwa Kiingereza kigumu, na baadhi bado zina jina la jumuiya ya mwanzo. Tafadhali mlete ya Kiswahili. Mkishaiandika, mmoja wenu airekodi kwa sauti na kuituma kwa wote waliokabidhi kura, akiwemo yule fundi wa Mwaloni, na mumpe wiki moja ya kuuliza maswali kabla hamjaipigia kura.