Mashine ya kujichapia picha dukani: anza na simu ya mteja, printa baadaye

Wenye maduka wanaponipigia kuhusu mashine za kujichapia picha, swali la kwanza huwa lilelile: "Fundi, printa gani nzuri?" Nawaelewa. Printa ndiyo yenye bei ya kutisha kwenye ankara, na muuzaji akifungua katalogi yake huanzia hapo. Lakini katika kazi yangu ya kufunga na kutunza mashine hizi, kwenye supamaketi, maduka ya dawa na steshenari, sijaona biashara iliyokufa kwa sababu ya printa. Zinakufa kabla picha haijaifikia. Mteja amesimama mbele ya skrini, simu mkononi, picha ya mjukuu anaiona kabisa, ila haitoki. Anajaribu, anawaonea aibu waliosimama nyuma yake, anaondoka. Mwenye duka hajui hata kama alikuwepo.

Basi nianze na printa ili niimalize haraka.

Nyingi ya mashine hizi hutumia printa za joto, zile tunazoziita dai-sabu. Hazina wino wa maji. Ndani kuna roli ya karatasi na roli ya utepe mwembamba wa plastiki wenye vipande vinavyofuatana: njano, majenta (wekundu wa waridi), sayani (buluu ya maji), na cha nne kisicho na rangi. Kichwa chenye moto hukandamiza utepe juu ya karatasi, rangi inageuka mvuke na kuzama kwenye karatasi, na karatasi hurudi kupigwa rangi inayofuata. Kwenye printa ndogo ya nyumbani kama Canon SELPHY unaweza kuitazama ikichungulia nje: kwanza picha ya njano tupu, ikirudi imeshika wekundu, ikirudi tena imekamilika, na safari ya mwisho inavikwa tabaka la kuikinga na maji na alama za vidole. Inatoka kavu. Zile za dukani kama DNP DS620 hutoa picha ya inchi 4 kwa 6, yaani 4R, kwa sekunde kama 8. DS-RX1 ni ya polepole kuliko hiyo, ila roli yake moja hutoa picha 700 kabla hujafungua mlango wake.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasiweke Epson ya matangi sita ya rangi, kama steshenari zote za mtaani. Kwa upande wa gharama ya kila picha wana hoja. Lakini printa ile inataka mtu wa kukaa nayo: printa ikikaa muda mrefu bila kuchapa matundu ya wino yanakauka, karatasi inalishwa kwa mkono, na picha ikitoka si ya kushikwa hovyo. Ukiwa na kijana pale kaunta, sawa, inunue. Mashine ya kujihudumia haina kijana. Hiyo ndiyo sababu ya dai-sabu, na printa tumemaliza.

Sasa simu.

Njia ya kwanza ni waya, na wauzaji huisifia kwa sababu haihitaji intaneti. Simu ya Android ukiichomeka huanza kuchaji tu. Picha hazionekani mpaka mteja afungue simu, ashushe pazia la juu, abonyeze arifa ndogo na kuchagua kuhamisha faili. Wangapi wanajua hilo? iPhone nayo inauliza kama unaiamini kompyuta hii, kisha inadai namba ya siri. Hapo ndipo niliposhuhudia mama mmoja, mtu mzima, akichomoa waya kwa nguvu. "Mwanangu, hii mashine inataka namba yangu ya siri ya nini?" Nikamwamkia, nikamweleza kwamba ni simu yake mwenyewe inayouliza, wala namba haiendi kwenye mashine. Hakurudisha waya. Na sikumlaumu. Watu wetu wamefundishwa na kila kampuni ya simu, kila siku, kwamba anayekuomba namba ya siri ni tapeli. Huwezi kufuta somo hilo kwa kibandiko cha maelezo.

Waya una jambo lingine ambalo huwezi kuliona kwenye maonyesho ya muuzaji. Simu ileile iliyofungwa kwenye waya ndiyo ya kulipia. Ombi la M-Pesa linaingia, au mteja anataka kuandika lipa namba, waya ni mfupi, anachomoa simu ili alipe, na programu iliyokuwa inasoma picha moja kwa moja kutoka kwenye simu inapoteza kila kitu. Anaanza upya, kama ana moyo huo. Ukikagua mashine kabla ya kununua, fanya jaribio hili hili: chagua picha tano, chomoa simu, lipa. Programu nzuri inanakili picha kwanza, pesa baadaye.

Njia ya pili ni Wi-Fi ya mashine yenyewe. Mteja anaskani msimbo wa QR, simu inaunganishwa, ukurasa unafunguka, anachagua picha. Safi sana kwenye karatasi. Ila Wi-Fi ile mara nyingi haina intaneti, na simu za siku hizi haziipendi Wi-Fi isiyo na intaneti: inamuuliza mteja kama abaki, yeye anabonyeza hapana kama ambavyo mtu yeyote angebonyeza, na simu inarudi kwenye bando. Ukurasa haufunguki. Dawa ninayoitumia ni kuipa mashine intaneti ya kweli, hata ya kifurushi kidogo. Hapo simu inatulia, malalamiko yanapungua siku hiyohiyo. Kumfanya mteja apakie picha kwa bando lake mwenyewe sikushauri. Picha moja ya simu ya sasa ina megabaiti tatu, nne. Akiwa na ishirini amekutumia megabaiti themanini kwa ajili ya biashara yako.

Halafu kuna WhatsApp, ambayo wataalamu huidharau na wateja huipenda. Mimi niko upande wa wateja, kwa kiasi. WhatsApp hubana picha, kweli; kwa kawaida upande mrefu hushuka hadi takriban pikseli 1600. 4R kwa ukali wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1200 kwa 1800, kwa hiyo upungufu ni mdogo. Picha iliyotumwa mara moja tu bado inatosha 4R, na mteja hataona tofauti. Shida huanza akitaka ya inchi 8 kwa 12 ya kuweka ukutani, inayohitaji 2400 kwa 3600, au akileta picha iliyopigwa skrini kutoka kwenye status ya shangazi baada ya kuzunguka makundi matatu. Hiyo hata fundi wa mbinguni haiokoi. Mwambie aombe ya asili, itumwe kama hati, au kwa chaguo la HD lililoletwa mwaka 2023. Na hakikisha mashine inaziona picha za WhatsApp: nyingine husoma folda ya kamera tu, wakati nusu ya picha ambazo watu wanazitaka walitumiwa na ndugu. Ukizifungulia zote, jiandae na maua elfu moja ya "asubuhi njema".

Jambo jingine la simu ni picha ambazo hazimo kwenye simu. Mteja ana iPhone iliyojaa, ameiruhusu ihifadhi picha mtandaoni na kubaki na nakala ndogo. Kwenye skrini yake anaona harusi nzima, kwenye mashine anaona nusu. Anadhani mashine ni mbovu. Pia, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone hupiga picha kwa muundo wa HEIC, na bado nakutana na mashine za mtumba zilizoletwa kutoka nje ambazo hazijui HEIC ni nini. Bei yake huwa nzuri mno. Ukiiona nzuri mno, chomeka iPhone kwanza.

Picha imefika. Sasa inakatwa, na hapa ndipo penye ugomvi wa baadaye.

Kamera ya simu kwa kawaida hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 4R ni 3 kwa 2, uwiano uliorithiwa kutoka filamu ya milimita 35. Ukitaka picha ijaze karatasi bila ukingo mweupe, lazima sehemu moja kati ya tisa iondoke. Picha ikiwa imelala, inaliwa juu na chini. Ikiwa imesimama, inaliwa pembeni. Sasa fikiria picha ya familia kwenye harusi, watu wamebanana mwisho hadi mwisho kwa sababu kila mtu alitaka aingie, na imepigwa simu ikiwa wima. Aliyesimama kushoto kabisa anapoteza bega na nusu ya uso, na mara nyingi ni mjomba aliyetoa mchango mkubwa. Mashine hukata katikati bila kuuliza, isipokuwa umeiambia vingine. Mipangilio ninayoiweka mimi ni kuonyesha picha nzima ikiwa na fremu ya kukatia juu yake, mteja aisogeze kwa kidole, na pawepo kitufe kikubwa cha kuacha ukingo mweupe. Wamiliki wengine hawapendi ukingo mweupe, wanaona si wa kisasa. Waache wateja waamue. Hakuna aliyewahi kurudi kudai pesa zake kwa sababu ya ukingo.

Rangi ya ngozi nayo isipite. Mashine nyingi huja na kirekebishi cha picha kimewashwa. Kinakiona chumba chenye giza kidogo na nyuso nyeusi, kinadhani picha imekosa mwanga, kinaipandisha mwanga mpaka ngozi inakuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu. Si jambo jipya: kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuchelewa, katika miaka ya 1990. Nikifunga mashine huzima kirekebishi, nachapa picha za majaribio za watu wa hapahapa, wengine wamevaa shati jeupe, wengine kanzu, wengine kitenge chekundu, na kurekebisha rangi nikiwa nimezishika mkononi chini ya taa za duka lenyewe.

Kuhusu faida nitasema kwa kifupi, maana kila duka lina hesabu yake. Dai-sabu ina tabia moja nzuri: gharama haibadiliki. Picha ya usiku mtupu na picha ya ukuta mweupe hula kipande kilekile cha utepe. Chukua bei ya boksi, ongeza ushuru na usafiri, gawa kwa idadi ya picha, basi. Usisahau zinazoharibika: umeme ukikatika katikati ya picha, ile karatasi na vipande vyake vya utepe vimekwenda, ndiyo maana sifungi mashine bila UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Vumbi likiingia chini ya kichwa unapata mstari mweupe kwenye kila picha mpaka usafishe, kwa spiriti na kitambaa laini, mashine ikiwa imezimwa na kichwa kimepoa.

Inayolipa zaidi kwetu, tusidanganyane, ni pasipoti saizi. Karatasi ya 4R inabeba picha nane za milimita 35 kwa 45, kwa gharama ileile ya picha moja ya harusi. Ila msijenge nyumba juu yake. Ujerumani, tangu tarehe 1 Mei 2025, ofisi za vitambulisho na pasipoti hazipokei tena picha ya karatasi. Inapigwa hapohapo ofisini kwa mashine, au mpigapicha anaituma kidijitali kwa njia salama. Ofisi zetu nazo zinaelekea mtandaoni. Mashine unayonunua leo iwe na uwezo wa kumpa mteja faili pamoja na karatasi.

Mwisho, usiri, jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake binafsi. Mashine inapaswa kufuta picha za mteja mara tu kazi inapokwisha, si kila Jumapili. Simu ya duka inayopokea picha kwa WhatsApp nayo isafishwe, kwa sababu simu ile hushikwa na kila mhudumu wa zamu. Na kuna utepe. Rangi inapohamia kwenye karatasi, huacha pengo la umbo lilelile, kwa hiyo roli iliyotumika ina kila picha iliyochapwa, moja baada ya nyingine, ukiiinua kwenye mwanga unaisoma vizuri: sura, vitambulisho, vyeti, watoto. Nimeziona zimetupwa nyuma ya duka, watoto wa mtaani wanazivutavuta kama riboni za sherehe. Mimi huzikata vipandevipande kabla hazijatoka dukani, na kwenye mkataba wa matengenezo naandika wazi kwamba kazi hiyo ni ya anayebadilisha roli.